Pombe Iliyokwenda Ujerumani

Neno pombe halina heshima kubwa katika lugha yetu. Likitajwa kanisani au msikitini hutajwa pamoja na dhambi. Likitajwa mahakamani hutajwa pamoja na ugomvi. Na likitajwa katika kikao cha wazazi shuleni, kila mzazi humtazama mwenzake. Hata hivyo neno hilo hilo limeandikwa katika vitabu vya sayansi vya Tokyo, London na New York, tena bila kutafsiriwa. Limekuwa jina rasmi la kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye amewafundisha wataalamu jinsi chembe ya mwili wa binadamu inavyojua saa ya kugawanyika na saa ya kungoja. Jina lake kamili ni Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza imeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka, sukari na kuvu. Sehemu ya pili ni Kiswahili kitupu.

Nilihitimu chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikafundisha elimu ya viumbe kwa zaidi ya miaka thelathini, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mkuu wa shule. Katika muda wote huo sikupata kitabu cha kiada kilichomweleza mwanafunzi wa Kitanzania kwamba mojawapo ya habari kubwa za sayansi ya karne ya ishirini ilianzia katika chungu cha pombe ya Afrika Mashariki. Ndiyo sababu nimeona vema niiandike hapa, kabla kumbukumbu hazijanitoka.

Tuanze na mwaka 1893. Nchi yetu ilikuwa tayari chini ya Wajerumani. Miaka miwili kabla, Wahehe wa Mkwawa walikuwa wamelipiga jeshi lao huko Lugalo. Huku kwetu kaskazini, Mangi Meli wa Moshi aliwashinda mwaka 1892, lakini Agosti 1893 walirudi na jeshi kubwa zaidi wakamshinda. Arusha haikuwa mji bado. Boma lao, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa mwaka 1900. Mwaka huo wa boma ndio pia Mangi Meli aliponyongwa, pamoja na viongozi wengine wakiwamo wa Meru na Arusha.

Katika miaka hiyo meli zilizoondoka pwani yetu zilibeba pembe za ndovu, mpira, ngozi, na mengine ambayo tutayataja baadaye. Mzigo mmoja ulikuwa na pombe ya nafaka, za jamii ya ulezi na uwele. Pombe hiyo ilifika Ujerumani ikiwa na ukali wa kuchacha, na machicha yake yakapelekwa katika maabara ya watengenezaji bia. Huko Paul Lindner, mtaalamu wa chachu wa mjini Berlin, aliyaweka chini ya hadubini. Akaona chachu ya namna yake. Hamira tuijuayo, ile ya mkate na ya bia, huzaa kwa kuchipua: kitoto huota ubavuni mwa mama, kikakua, kikajitenga. Chachu ya Lindner haikuchipua. Ilikuwa na umbo la kijiti. Ilirefuka, ikajenga ukuta katikati, kisha ikapasuka vipande viwili vilivyo sawa, kama kipande cha muwa kilichokatwa katikati. Lindner akaipa jina la kinywaji ilimotoka. Jina lililobaki vitabuni ni la kinywaji, wala si la mpikaji.

Mpikaji namjua kwa sura, ingawa si yule wa mwaka 1893. Marehemu mama yangu alipika mbege kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Tengeru. Alichemsha ndizi mbivu mpaka zikageuka rangi, akaziacha ndani ya pipa siku kadhaa zichachuke. Kando aliotesha ulezi, akaukausha jua kali, akausaga kuwa kimea, akaupika uji. Gamba la msesewe lilitia uchungu. Kisha alichanganya vyote jioni, na asubuhi kinywaji kilikuwa kikichemka chenyewe bila moto. Aliweka sikio karibu na pipa na kusikiliza. Kwa sauti ya mapovu alijua kama iko tayari, kama inahitaji kutwa moja zaidi, au kama imekwisha kupita na itakuwa siki. Mbege hiyo, iliyouzwa kwa kata, ndiyo iliyolipa karo yangu ya shule ya kati. Wazee wa usharika walimkanya, naye aliwasikiliza kwa heshima zote, na juma lililofuata akachemsha ndizi nyingine, kwa sababu karo haikungoja.

Siandiki haya kuutetea ulevi. Nimezika wanafunzi wangu kwa sababu yake, na wataalamu wamethibitisha kwamba kileo chenyewe huongeza hatari ya saratani ya umio na ya ini. Naandika ili tujue kwamba mikono ya akina mama hao ilikuwa ikifuga viumbe hai, kwa ustadi, karne nyingi kabla ya hadubini kufika.

Sasa turudi katika elimu yenyewe. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gamba la mti akaona vyumba vidogo vidogo, akaviita kwa jina ambalo sisi tumelifanya seli, na ambalo walimu wa rika langu walipenda kuliita chembe hai. Mwaka 1838 na 1839 Wajerumani wawili, Schleiden na Schwann, walisema kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa chembe hizo. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akakaza neno: kila chembe hutoka katika chembe iliyotangulia. Haiumbiki yenyewe matopeni, wala hailetwi na upepo. Mwaka 1882 Walther Flemming, aliyetazama chembe za mnyama aitwaye salamanda, alieleza kitabuni jinsi nyuzi zilizomo ndani ya kiini zinavyonenepa, zinavyojipanga katikati, na zinavyovutwa nusu upande huu na nusu upande ule. Nyuzi hizo ndizo kromosomu. Binadamu ana 46 katika kila chembe ya kawaida ya mwili.

Hayo niliyachora ubaoni kwa chaki za rangi. Tulipopata hadubini moja ya kioo cha kukamata mwanga wa jua, tuliotesha vitunguu vya sokoni juu ya vikombe vya maji, tukakata ncha za mizizi, tukazitia rangi, na vijana wakapanga foleni kuzichungulia. Wengi waliona kitu kimoja: chembe nyingi zimetulia, na chache tu ndizo zinazogawanyika. Swali lililofuata lilikuwa lile lile kila mwaka, tena mara nyingi liliulizwa na mwanafunzi aliyekaa nyuma: “Mwalimu, nani anaiambia chembe sasa ni zamu yako?”

Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi. Mwaka 1953 Alma Howard na Stephen Pelc, waliokuwa London wakichunguza mizizi ya maharage, walionyesha kwamba maisha ya chembe yana vipindi vinne. Kwanza hukua. Pili hunakili DNA yake yote, yaani maandishi ya urithi, ili kila mtoto apate nakala kamili. Tatu hupumzika kidogo na kujikagua. Nne hugawanyika. Chembe nyingi za binadamu zinazokuzwa maabara huuzunguka mzunguko huu kwa muda wa kama saa 24, na kugawanyika kwenyewe huchukua kama saa moja tu. Lakini chembe za neva huweza kukaa maisha yote ya mtu bila kugawanyika tena, na zile za utumbo hugawanyika usiku na mchana. Kwa hiyo yuko msimamizi. Ni nani?

Hapa ndipo pombe yetu inaporudi. Katika miaka ya 1950 Murdoch Mitchison, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alitafuta kiumbe rahisi wa kumchunguzia ukuaji wa chembe. Aliichagua chachu ya pombe kwa sababu ya umbo lake. Kijiti hicho hurefuka tu bila kunenepa, kikifika urefu wa kama elfu 14 za milimita hupasuka. Ukikipima urefu umejua umri wake, kama vile mkulima ajuavyo umri wa mgomba kwa kuutazama shina. Tena kina kromosomu 3 tu, na mzunguko wake huisha kwa saa chache.

Katika miaka ya 1970 alifika kwa Mitchison kijana Mwingereza aitwaye Paul Nurse, ambaye kabla ya kuingia chuo kikuu alikuwa fundi wa maabara katika kiwanda cha bia cha Guinness. Nurse aliharibu makusudi jeni za chachu, moja moja, ili aone ipi ikiharibika hugusa saa ya kugawanyika. Alipata chembe zisizoweza kugawanyika zikawa zinarefuka kama kamba. Alipata na nyingine zilizogawanyika mapema mno, zikiwa ndogo kupita kiasi. Hizo akaziita wee, neno la Waskoti lenye maana ya kadogo. Akagundua kwamba jeni moja, iitwayo cdc2, ilikuwa katikati ya mambo yote: ikizimwa, chembe haigawanyiki, ikizidishiwa nguvu, chembe hugawanyika kabla ya wakati.

Kwa wenzangu wa Meru nitaeleza kwa mfano wa mfereji. Sote tumelelewa katika zamu ya maji. Mfereji uko pale pale siku zote, na lango la kila shamba liko pale pale. Lakini lango halifunguliwi mpaka mwenye zamu aje, na zamu ikiisha hana haki tena mpaka duru imrudie. Katika chembe, lango hilo ni kimeng'enya kinachotengenezwa kwa maagizo ya jeni ya cdc2. Mwenye zamu ni protini nyingine, saiklini, ambayo Mwingereza Tim Hunt aliiona mwaka 1982 katika mayai ya urukunge wa baharini huko Woods Hole, Marekani. Saiklini huongezeka polepole, ikifikia kiasi chake hujiunga na kimeng'enya, lango likafunguka, chembe ikagawanyika. Mara moja saiklini huharibiwa, na hesabu huanza upya. Ni kama kibali kinachochanwa baada ya kutumika mara moja.

Mmarekani Leland Hartwell, aliyefanya kazi yake juu ya hamira ya mkate, alionyesha jambo jingine la maana: njiani kuna vituo vya ukaguzi. DNA ikiwa imechanika, chembe husimama mpaka ukarabati uishe. Ikiwa haitengenezeki, chembe nyingi hujiua zenyewe kwa utaratibu, ili zisiwarithishe watoto maandishi mabovu. Wazee wa mfereji nao hufanya hivyo: ukingo ukibomoka, maji hufungwa juu kwanza, watu wakazibe.

Lilibaki swali moja. Je, haya ni mambo ya chachu tu, au na ya watu? Mwaka 1987 Nurse na mwenzake Melanie Lee, huko London, walichukua chembe za chachu ya pombe zenye cdc2 iliyoharibika, zisizoweza kugawanyika, wakazitilia mchanganyiko wa jeni za binadamu. Baadhi zikaanza kugawanyika. Jeni ya binadamu ilikuwa imeketi katika kiti cha jeni ya chachu na kufanya kazi ile ile. Ukoo wa chachu na ukoo wa binadamu ulitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, lakini ufunguo wa lango haujabadilishwa. Mwaka 2001 Hartwell, Hunt na Nurse walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka 2002 maandishi yote ya urithi ya chachu ya pombe yalichapishwa, na hazina ya taarifa zake inaitwa PomBase. Neno letu limo hata humo.

Nimesema kwamba mama yangu alijua kusikiliza pipa. Mwaka 1986 mwili wake mwenyewe ulianza kwenda kinyume cha kawaida. Alitokwa damu ilhali alikuwa ameshapita umri wa hedhi, akanyamaza kwa aibu kwa miezi mingi. Tulipomteremsha hospitali, uvimbe wa mlango wa kizazi ulikuwa umekwisha kuenea. Alipelekwa Dar es Salaam kuchomwa kwa mionzi, akarudi, akaishi miezi minane.

Katika miezi hiyo nyumba yetu ilikuwa na ugonjwa wa pili, nao ni maneno. Ilisemwa kwamba uvimbe umetumwa, na jina la mtumaji lilitajwa: mke wa baba yangu mdogo, ambaye waliwahi kugombania mpaka wa migomba. Kaka zangu wakubwa walikwisha kuacha kumwamkia. Jioni moja mama aliniita akaniuliza, “Mwalimu, wewe umesoma. Kitu hiki kimetoka wapi?”

Nilimjibu kwa lugha ya kazi yake. Nilimwambia kwamba mwili ni kama pipa lenye chachu nyingi mno, kila moja imefundishwa ikue lini na isimame lini. Siku moja chembe moja huharibika masikio. Huzaa wakati wengine wamenyamaza, na watoto wake wote huzaliwa viziwi kama yeye. Haikutoka kwa mtu. Ni chembe ya mwili wenyewe. Alikaa kimya, kisha akauliza kama chachu ya namna hiyo huweza kufundishwa tena. Nikamwambia kwamba mionzi hujaribu kuiua, lakini imekuwa nyingi. Kesho yake alimtuma mjukuu amwite mke mwenzake wa ukoo. Wakakaa pamoja chini ya mgomba kutwa nzima. Mama huyo ndiye aliyemwogesha mpaka siku ya mwisho, na kaka zangu walimwamkia tena. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba somo la mgawanyiko wa chembe si la mitihani tu.

Leo tunajua zaidi ya nilivyoweza kumweleza. Kati ya mwaka 1983 na 1984 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walipata katika saratani ya mlango wa kizazi virusi vya papiloma, hasa namba 16 na 18, na mwaka 2008 akapewa Nobel. Virusi hivi ni vya kawaida sana na watu wengi hupona bila kujua. Lakini vikikaa miaka mingi, protini zake mbili hung'oa breki za chembe. Moja huishika protini inayofunga lango la mwanzo wa mzunguko. Nyingine huiharibu p53, ambaye ndiye mkaguzi mkuu wa DNA iliyochanika. Maji yanafunguliwa, na mzee wa mfereji ameondolewa.

Iko na njia ya pili ya kuharibika, na hiyo ilionekana kwa jirani zetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji Mwailandi aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya watoto wenye uvimbe wa kutisha wa mataya. Mwaka 1961, ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali hadi hospitali. Waliona kwamba uvimbe huo ni wa nchi za joto na mvua, nao hupungua kadiri unavyopanda milimani, mahali ambapo malaria nayo hupungua. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi katika chembe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na mwaka 1982 ilijulikana kwamba katika uvimbe huo kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuhamia penginepo, mara nyingi kwenye ya 14, kikiibeba jeni ya MYC ambayo huihimiza chembe igawanyike. Hapa breki hazikung'olewa. Mguu umekwama kwenye mafuta. Heri iliyopo ni kwamba uvimbe huu ukiwahiwa husikia dawa, na watoto wengi wamepona.

Baada ya kuusifu mchango wa pombe yetu, haki inanidai niongeze jambo ambalo wasifiaji wengi huliruka. Chembe zinazotumiwa leo katika maabara nyingi hazikutoka katika ule mzigo wa mwaka 1893. Zilitolewa mwaka 1924 huko Uswisi katika mvinyo wa Ufaransa, zikahifadhiwa Delft, Uholanzi, na katika miaka ya 1940 mtaalamu Mswisi Urs Leupold akachagua humo ukoo uliosambaa duniani. Chachu ni ya aina ile ile, na jina ni lile lile, lakini ukoo ni wa zabibu. Hivyo tusitembee vifua mbele tukisema Nobel ilipikwa kwenye vyungu vyetu. Kilicho chetu ni jina, na ujuzi wa wale waliokifuga kiumbe hicho bila kumwona. Hicho kinatosha, na ni cha kweli. Sifa ya uongo ni kama nguo ya kuazima: haisitiri matako.

Nilisema meli zile zilibeba na mengine. Zilibeba mafuvu ya watu wetu. Kichwa cha Mangi Meli kinatafutwa na jamaa zake mpaka leo. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walilinganisha DNA ya baadhi ya mafuvu yaliyotoka kwetu na ya watu walio hai Kilimanjaro, wakapata ndugu zao. Mmoja wao ni Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Fikiri, ndugu msomaji, jambo hilo limewezekanaje. Tangu wakati wa Mangi mpaka kwa kitukuu aliyetoa mate yake yapimwe, chembe zimegawanyika mara zisizohesabika, na kila mara maandishi yamenakiliwa na kukaguliwa kituo kwa kituo. Kama wakaguzi wale wangekuwa wazembe, ukoo usingetambulikana. Ukaguzi unaotukinga na saratani ndio uliowarudishia wafiwa jina la mtu wao.

Yapo mambo mawili ninayoyaomba. La kwanza ni kwa wazazi. Chanjo dhidi ya virusi vya papiloma ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Nimesikia vijiweni pale Usa River na sokoni Kilombero maneno kwamba chanjo hii huua uzazi. Si kweli. Chanjo haigusi kizazi. Inaufundisha mwili kuvitambua virusi kabla havijaingia na kung'oa breki. Wajukuu zangu wanne wamechanjwa. Na akina mama waliokwisha kupita umri huo wasione aibu kwenda kupimwa, maana dalili za awali zikionekana mapema hutibika kwa siku moja. Aibu ndiyo iliyomchelewesha mama yangu, wala haikuwa umbali wa hospitali.

La pili ni kwa walimu wenzangu. Mtoto wetu husoma juu ya chembe kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akifika sekondari huambiwa aanze upya kwa Kiingereza, na wengi hukariri majina ya vipindi vya mgawanyiko kama watu wanaokariri namba za simu. Muulize aeleze nyumbani, hana maneno. Sisemi tuache Kiingereza. Hata Lindner alihitaji Kigiriki. Nasema kwamba mwalimu wa sayansi asiyeweza kumweleza bibi kijijini uvimbe umetoka wapi, hajamaliza kufundisha. Maneno tunayo: chembe, kiini, chachu, zamu, lango, breki, nakala. Tukiyatumia, maneno ya uchawi yatapungua nafasi ya kukaa.

Sayansi ilipotaka jina la kiumbe yule, iliazima kwetu neno la kilabuni, na hakuna mtaalamu anayeona haya kulitamka. Hatuna sababu sisi ya kuona haya kuifundisha habari yake, kwa lugha ile ile, mbele ya watoto wa wale waliolitunga.